Tarehe 17 Januari: Je, Siku Ina Mkosi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Mwanzoni mwa Januari kijana mmoja wa madrasa yetu hapa Gisenyi, mwenye umri wa miaka 11, alikuja darasani na karatasi mkononi. Shuleni kwao walikuwa wamepewa kazi: kila mwanafunzi atafute mambo makubwa yaliyotokea tarehe aliyozaliwa yeye, na watu mashuhuri waliozaliwa tarehe hiyo. Wenzake walikuwa wanatamba. Huyu kazaliwa siku moja na mchezaji mpira, yule kazaliwa siku moja na mwimbaji. Kijana wetu kazaliwa tarehe 17 Januari. Alipomaliza kusoma karatasi yake shuleni, wenzake wakacheka na kumpa jina: mtoto wa mkosi.

Akatuuliza, "Mwalimu, ni kweli siku yangu ni mbaya? Hata nyanya anasema hivyo."

Tulimjibu haraka, kama tunavyofanya sisi walimu tunapokuwa na jibu tayari mdomoni. Tukamwambia katika Uislamu hakuna siku ya mkosi, kaa tuendelee na somo. Akakaa. Lakini uso wake haukukaa. Siku ya pili ndipo tukajua kilichokuwa nyuma ya swali. Mashindano ya kuhifadhi Qur'ani aliyokuwa akijiandalia, juzuu tano, yalikuwa yafanyike Kigali tarehe hiyohiyo ya 17 Januari, na nyanya yake alikuwa amesema mtoto hasafiri siku ile, hata kwa dawa.

Makala hii ni jibu tulilopaswa kumpa siku ya kwanza. Tunaliandika hapa kwa sababu tunaamini hayupo peke yake. Ziko nyumba nyingi zenye siku zinazoogopwa, na wako vijana wengi wanaojua siku za kuzaliwa za mastaa mia moja na hawajui hata mmoja wao alifanya nini.

KARATASI YA MTOTO

Tuanze na karatasi yenyewe, maana ilikuwa na mambo ya kweli.

Tarehe 17 Januari 1961, huko Katanga, aliuawa kwa risasi Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, akiwa na umri wa miaka 35. Pamoja naye waliuawa wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walitolewa kifungoni Thysville, wakapandishwa ndege hadi Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, wakapigwa njiani na baada ya kufika, na usiku wakapelekwa porini. Wakubwa wa Katanga walikuwepo, na maofisa wa Kibelgiji walikuwepo. Mwili wa Lumumba uliharibiwa kwa tindikali ili asiwe na kaburi. Mwaka 2001 kamati ya bunge la Ubelgiji ilikiri kuwa nchi yao ilikuwa na dhima ya kimaadili katika mauaji yale. Na mwezi Juni 2022 Ubelgiji ikairudishia familia kilichobaki: jino moja.

Tarehe 17 Januari 1995 alfajiri, tetemeko la ardhi lilipiga mji wa Kobe, Japani, na eneo lake. Walikufa watu zaidi ya 6,000.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Moto wa mawe yaliyoyeyuka ukateremka hadi Goma, ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya njia ya ndege, ukaingia ziwa Kivu. Walikufa watu zaidi ya 100, na zaidi ya 100,000 wakabaki bila nyumba. Hili hatukulisoma kwenye karatasi. Tulikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu tukiishi hapahapa Gisenyi, na tuliliona. Mbingu ya upande wa Goma ilikuwa nyekundu usiku kucha. Watu walivuka mpaka kwa maelfu, huyu na godoro kichwani, yule na mtoto mgongoni na mbuzi mkononi. Uwanja wa msikiti wetu ulijaa, na kazi tuliyopewa sisi vijana ilikuwa kuchota maji.

Sasa msomaji utaelewa kwa nini watoto walicheka na kwa nini nyanya aliogopa. Kifo, tetemeko, moto. Ukiziweka habari tatu hizi kwenye karatasi moja chini ya tarehe moja, siku yenyewe inaonekana kama mhalifu.

Lakini karatasi ilikuwa na upande wa pili, na mtoto hakuusoma kwa sauti kwa sababu wenzake walikwishaanza kucheka. Upande wa pili ulikuwa na majina ya waliozaliwa. La kwanza ni Benjamin Franklin, mwaka 1706 mjini Boston, mpiga chapa na mchunguzi wa umeme, mmoja wa waliotia saini tangazo la uhuru wa Marekani mwaka 1776. La pili ni Al Capone, mwaka 1899 mjini New York, jambazi aliyetajirika Chicago kwa pombe ya magendo na kumwaga damu za watu. La tatu ni Muhammad Ali, mwaka 1942 mjini Louisville, Kentucky, bondia ambaye hata wazee wetu wasiojua kusoma wanalijua jina lake.

Tuliwauliza watoto wote: ikiwa siku ndiyo inayomfanya mtu, mbona siku moja imemtoa Al Capone na Muhammad Ali? Darasa likanyamaza. Hapo ndipo somo lilipoanza.

TAREHE NI MAKUBALIANO YA WATU

Jambo la kwanza tulilotaka watoto wajue ni kwamba tarehe ni hesabu ya wanadamu. Chukua habari ya Franklin. Siku aliyozaliwa, watu wa mji wake hawakuandika 17 Januari. Waliandika 6 Januari, na mwaka wakauita 1705, kwa sababu Waingereza na makoloni yao walikuwa bado wanatumia kalenda ya zamani ambayo mwaka wake ulianza mwezi Machi. Mwaka 1752 wakabadilisha kalenda. Wakaruka siku 11: baada ya tarehe 2 Septemba ikafuata tarehe 14. Hivyo Franklin alilala na siku moja ya kuzaliwa akaamka na nyingine. Kama 17 Januari ina nguvu ndani yake, nguvu hiyo ilikuwa wapi kabla ya hapo?

Chukua na habari ya Lumumba. Usiku uleule alipouawa, Rais Eisenhower wa Marekani, aliyekuwa anakaribia kuondoka madarakani, aliwahutubia wananchi wake kuwaaga. Akawaonya juu ya nguvu ya jeshi na viwanda vya silaha vinaposhikamana. Hotuba ile nayo imeandikwa 17 Januari 1961, na wanaopenda kulinganisha tarehe huyaweka mambo mawili hayo pamoja. Lakini rais alianza kusema jioni ya Washington, na saa hiyo Lubumbashi ilikuwa usiku wa manane umekwisha kupita, yaani tarehe 18. Na sisi Waislamu tunaohesabu siku kuanzia magharibi, tungesema Lumumba mwenyewe, aliyeuawa kiasi cha saa tatu na nusu usiku, ameuawa usiku wa siku ya pili.

Kinachowaunganisha watu wawili wale si tarehe. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani ilibainisha kuwa mwaka 1960, chini ya serikali ya Eisenhower huyohuyo, shirika la ujasusi la CIA lilipanga njama ya kumuua Lumumba kwa sumu, ingawa kamati haikupata ushahidi kuwa shirika hilo ndilo lililomuua mwishowe. Huo ni uhusiano wa kweli, uhusiano wa amri na matendo. Mwanafunzi anayetosheka na kusema "ajabu, siku moja!" ameliacha jambo lenyewe.

Kisha tukawapa watoto kazi ya kuhesabu kwa kalenda yetu ya Hijria. Mwaka wetu una siku 354 au 355, umepungua siku 11 hivi kwa mwaka wa Miladi, kwa hiyo tarehe 17 Januari huzunguka katika miezi yetu yote na kurudi ilipoanzia baada ya miaka 33 hivi. Wakapata majibu haya: Muhammad Ali amezaliwa mwishoni mwa Dhul-Hijja 1360, Lumumba ameuawa mwishoni mwa Rajab 1380, mlima umelipuka mwanzoni mwa Dhul-Qaada 1422.

Binti mmoja, mwepesi wa akili mashaAllah, akaruka: "Mwalimu! Yote matatu ni katika miezi minne mitukufu!" Darasa zima likashangaa, na tunakiri kuwa sisi wenyewe tulisita kidogo. Kweli, Dhul-Qaada, Dhul-Hijja, Muharram na Rajab ndiyo miezi minne, na mambo yetu matatu yameangukia humo. Tukamwambia, haya, hesabu na tetemeko la Kobe. Akahesabu. Likaangukia Shaaban 1415. Akacheka mwenyewe.

Wazazi, hapa pana somo kubwa. Moyo wa binadamu unapenda kutafuta alama. Ukichagua habari tatu utaona ajabu, ukiongeza ya nne ajabu inavunjika. Kila siku duniani huzaliwa watoto zaidi ya 300,000, na hakuna siku ambayo hakufa mtu, hakuanguka mfalme, hakufurahi mama mzazi. Hata katika madrasa yetu yenye watoto 43, walimu wa hesabu watakwambia kuwa uwezekano wa kupata wawili waliozaliwa siku moja ni zaidi ya tisini katika mia. Wakiwa 23 tu, tayari umezidi nusu. Tuliwauliza, na tukapata jozi mbili, bila kuwahesabu wale wanne ambao wameandikwa 1 Januari kwa sababu wazazi wao waliukumbuka mwaka na kuisahau siku.

MTUME (S.A.W.) ALITUFUNDISHA NINI

Haya yote tuliyosema kwa hesabu, dini yetu ilikwisha kuyaweka wazi.

Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto mdogo anayenyonya. Siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakasema, jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Fikirini, ndugu zetu. Baba ana huzuni, macho yana machozi, na watu wanampa mwanawe heshima ambayo hakuna mtoto aliyepewa. Lau angekuwa mtu wa kutafuta ukubwa, angenyamaza tu. Lakini kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, alisimama akawafundisha kuwa jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah, havipatwi kwa ajili ya kufa mtu wala kuishi kwake, na watakapoona hivyo waelekee kwenye swala na dua. Mambo mawili yalikutana katika siku moja, na Mtume akakataa kuyafunga kamba moja, hata pale ambapo kamba hiyo ingempa utukufu.

Waarabu wa zamani waliuogopa mwezi wa Safar, Mtume akaibatilisha imani hiyo. Waliogopa kuoa mwezi wa Shawwal, na Bibi Aisha (R.A.) akawakumbusha watu kuwa yeye ameolewa Shawwal, na nani katika wake za Mtume alikuwa na bahati kuliko yeye? Vile vijitabu vya nyota vinavyouzwa sokoni, vinavyokwambia Jumatano hii usisafiri na siku ile usikate nguo, vinarudisha kitu ambacho Mtume alikwisha kukiondoa.

Mwanafunzi mkubwa anaweza kutuuliza: mbona Qur'ani, katika Surat Fussilat, imezitaja siku za nuhsi zilizowapata watu wa Aad? Ni swali zuri. Wanachuoni wamejibu kuwa nuhsi ile ilikuwa juu ya Aad kwa sababu ya ukanushaji wao na adhabu iliyowashukia. Nabii Hud (A.S.) na walioamini pamoja naye waliziishi siku zilezile, wakaokoka. Siku ni moja, watu mbalimbali, mwisho mbalimbali.

Tazameni pia siku ya Ashura. Tarehe 10 Muharram Nabii Musa (A.S.) na watu wake waliokolewa na Firauni, na Mtume akaifunga kwa shukrani. Tarehe hiyohiyo, mwaka 61 Hijria, mjukuu wake Husein (R.A.) aliuawa Karbala. Furaha kubwa na msiba mkubwa vimelala kitanda kimoja. Umma huu umeishi na mambo hayo mawili zaidi ya miaka elfu na mia tatu bila kuiita siku ile ya kheri tupu wala ya shari tupu.

Na Sayyidna Umar (R.A.) alipotaka kuwawekea Waislamu kalenda, mwaka wa 17 baada ya Hijra, masahaba walishauriana waanzie wapi. Zilitajwa rai mbalimbali: kuzaliwa kwa Mtume, kupewa kwake utume, kufariki kwake. Mwisho wakachagua Hijra. Kuzaliwa, mtu hana hiari nako. Kufa, hana hiari nako. Hijra ilikuwa uamuzi: watu waliacha nyumba na mali wakaenda kwa ajili ya wanachokiamini. Kila tunapoandika mwaka wa Hijria tunaandika kwamba tendo ndilo linalostahili kuhesabiwa.

KWA HIYO TUSEME NINI JUU YA MASHUHURI?

Rai yetu ni kuwa karatasi ile ya shule si mbaya. Ubaya ni kuishia kwenye orodha. Mtoto anapokuja na jina, mzazi amuulize swali moja: alifanya nini?

Muhammad Ali hakuwa Muhammad Ali kwa sababu ya 17 Januari. Alizaliwa Cassius Clay, mtoto mweusi katika mji uliowabagua weusi. Akiwa na miaka 12 aliibiwa baiskeli, akaapa kumpiga mwizi, na askari mmoja akamwambia ajifunze kwanza kupigana. Huo ukawa mwanzo wake. Hatuwaambii watoto wetu wawe mabondia, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza kumpiga mtu usoni. Tunachowaambia ni yale aliyoyafanya nje ya ulingo. Mwaka 1964 alijitangaza Muislamu mbele ya nchi iliyomchukia kwa hilo. Kundi alilojiunga nalo mwanzoni lilikuwa na mafundisho yaliyopotoka, na mwaka 1975 aliingia katika Uislamu unaojulikana na Waislamu wote. Mwaka 1967 alikataa kwenda kupigana Vietnam. Akavuliwa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano ambacho hakukitumikia kwa kuwa alikata rufaa, akazuiwa kupigana zaidi ya miaka mitatu katika ubora wa ujana wake, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoifuta hukumu mwaka 1971. Alipoteza mali kwa neno lake. Je, kijana wetu anayejua siku ya kuzaliwa ya Ali anajua hilo?

Mwaka 1974 alikuja Kinshasa, akampiga George Foreman katika raundi ya nane. Mwenye kumwalika alikuwa Mobutu, yuleyule aliyetwaa madaraka mwezi Septemba 1960 na kumtia Lumumba kizuizini. Aliyezaliwa 17 Januari akashangiliwa katika nchi ya aliyeuawa 17 Januari, kwa fedha za mtu aliyemsukuma huyo wa pili kwenye kifo. Ukiijua historia utaona kuwa hata shujaa hukaa meza moja na dhalimu, akijua au asijue. Orodha ya tarehe haitakufundisha hilo.

NYANYA YAKE

Sasa turudi kwa nyanya, kwa sababu ni yeye aliyetufundisha sisi.

Tulikwenda nyumbani kwake baada ya swala ya alasiri tukiwa na hadithi zetu tayari. Tulikuwa tumekwishaamua moyoni kuwa huyu ni mama mwenye ushirikina, tutamsomea, tutamtoa gizani. Alitukaribisha, akatuwekea chai. Tukasema yote, ya Safar na Shawwal na kupatwa kwa jua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mwalimu, yote hayo nayajua. Baba yangu alikuwa anasomesha. Mimi siku ile niliacha chungu cha maharagwe jikoni. Niliporudi sikuweza hata kujua jiko lilikuwa upande gani. Kilikuwa kiwanja cha mawe meusi na bado kina joto. Marehemu mume wangu alijenga nyumba ile miaka kumi na sita. Tarehe hii ikifika, miguu yangu haitaki mtu atoke. Hiyo ni dhambi?"

Tulinyamaza. Tuliona haya, na tunaona haya kuandika, lakini tunaandika ili mwalimu mwenzetu asirudie. Tulidhani tunapambana na imani potofu, na mbele yetu alikuwa mtu mwenye msiba. Huzuni si ushirikina. Mtume mwenyewe aliuita mwaka mmoja, kama wanavyosimulia waandishi wa sira, Mwaka wa Huzuni, aliofiwa na Bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib. Kuikumbuka siku kwa sababu ya kilichotokea ni ubinadamu. Kosa linaingia pale tunapoipa siku uwezo wa kudhuru, kisha tukamrithisha mtoto hofu ya jambo ambalo hakuliona.

Tukamwambia, "Hapana, mama. Kulia si dhambi. Lakini mtoto huyu Allah amekupa siku ileile uliyopoteza nyumba. Akibaki nyumbani, atakuwa amefundishwa kuwa yeye ni sehemu ya moto ule."

Hakujibu siku ile. Siku ya tatu alimtuma mtoto na ujumbe: atakwenda, kwa sharti asafiri na mjomba wake, na asubuhi hiyo yeye atapika maharagwe chungu kizima awagawie majirani kwa nia ya sadaka. Tulipokea ujumbe ule tukasema Alhamdulillah, mama ametushinda kwa elimu.

USHAURI WETU KWA FAMILIA

Kwanza, andikeni tarehe za nyumba yenu. Wengi wetu tunajua siku ya kuzaliwa ya mchezaji wa Ulaya na hatujui mwaka aliofariki babu. Chukueni daftari, kaeni na wazee wakiwa hai, andikeni kwa Hijria na kwa Miladi: nani alizaliwa, nani alihama, lini mlivuka mpaka, nani aliwapokea. Familia nyingi za eneo hili la maziwa makuu zimepoteza karatasi zao katika vita na katika moto. Kumbukumbu ya mdomo ikienda, imekwenda.

Pili, siku ya kuzaliwa ya mtoto ikifika, iwe siku ya kuhesabu. Suala la kuisherehekea masheikh wetu wamelizungumza kwa njia mbalimbali, na hatukusudii kulifungua leo. Lakini wote wanakubaliana juu ya hili: Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu kufunga Jumatatu, alitaja kuwa ni siku aliyozaliwa na siku aliyoteremshiwa wahyi. Mambo mawili makubwa katika siku moja, na akayapokea kwa ibada. Basi mwambie mtoto: umetimiza mwaka, umejifunza nini, umemsaidia nani, umemuudhi nani ukamuombe radhi?

Tatu, kama nyumbani kwenu ipo siku inayoogopwa, ulizeni kwanza kilichotokea kabla ya kukemea. Nyuma ya hofu nyingi kuna mtu aliyelia na hakusikilizwa.

Kijana wetu alikwenda Kigali. Hakushinda, alikuwa wa sita, alikosea mahali pawili katika Surat Yusuf. Alirudi salama usiku, na nyanya yake alikuwa bado macho akimngojea na sahani ya maharagwe. Karatasi yake ya shule ameibandika ndani ya jalada la daftari la madrasa. Chini ya majina ya mashuhuri ameongeza kwa mkono wake mstari mmoja: jina lake, mwaka aliozaliwa, na nafasi tupu mbele yake.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) aijaze nafasi ile kheri, na azijaze kheri nafasi za watoto wetu wote. Awarehemu waliokufa katika mlima na katika dhuluma, awape wepesi waliopoteza makazi, na atujaalie siku bora kabisa kuwa ile tutakayokutana Naye. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.